Namna ya Kuandaa Mazungumzo kati ya Wanafunzi wa Kiyahudi na wa Kiarabu: Mwongozo kwa Mshauri wa Elimu nchini Israeli

Kazi ya mshauri wa elimu anayewakutanisha wanafunzi wa Kiyahudi na wa Kiarabu nchini Israeli ina sehemu mbili, na ile inayoonekana, yaani saa mbili au tatu ambazo vijana wameketi katika duara moja, ndiyo ndogo. Sehemu kubwa ni majuma ya maandalizi yanayotangulia na miezi ya ufuatiliaji inayofuata. Nje ya chumba cha mkutano makundi haya mawili hayako sawa, na usawa hauingii chumbani wenyewe. Hutengenezwa kwa makusudi katika lugha, katika idadi, katika tarehe, katika mahali, na hata katika swali la nani atapanda basi kwenda kwa nani. Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo kwa mwaka mmoja wa masomo, kwa kuchukulia kwamba zipo shule mbili za sekondari, moja ya Kiyahudi na moja ya Kiarabu, na kwamba wewe ni mshauri katika mojawapo.

Ijue kwanza ramani ya shule

Raia Waarabu ni takriban mtu mmoja kati ya kila watu watano nchini Israeli, lakini kijana wa Kiyahudi anaweza kufikisha miaka 18 bila kuketi darasa moja na kijana wa Kiarabu hata siku moja. Chanzo chake ni mfumo wenyewe wa elimu. Sheria ya Elimu ya Taifa ya mwaka 1953 ilitambua shule za serikali za kawaida na shule za serikali za kidini. Wayahudi wa Haredi, yaani wale wanaoshika dini kwa ukali zaidi, wana shule zao. Na watoto wa Kiarabu, Waislamu kwa Wakristo, pamoja na Wadruzi (jamii ndogo yenye dini yake) na Wabedui, husoma katika shule zinazofundisha kwa Kiarabu chini ya Wizara hiyohiyo ya Elimu. Hata katika miji ambayo watu wamechanganyika, kama Haifa, Akko, Lod, Ramla na Jaffa, watoto wa mtaa mmoja huagana asubuhi na kwenda kila mmoja kwenye shule yake.

Zipo shule chache zilizokwenda kinyume na utaratibu huo, na mshauri mgeni katika kazi hii afanye juu chini azitembelee. Katika kijiji cha Neve Shalom, ambacho kwa Kiarabu huitwa Wahat al-Salam, kilichoanzishwa miaka ya 1970 kwa juhudi za mtawa wa Kidominiko Bruno Hussar, kuna shule ya msingi ya lugha mbili tangu mwaka 1984. Mtandao wa shule unaoitwa Hand in Hand ulianza mwaka 1998 huko Jerusalem na Galilaya, na katika madarasa yake ya chini mwalimu Mwarabu na mwalimu Myahudi hufundisha pamoja, kila mmoja kwa lugha yake. Ukikaa nyuma ya darasa la namna hiyo asubuhi moja, utaona mambo ambayo kitabu hakiwezi kukufundisha, hasa jinsi Kiebrania kinavyokimeza Kiarabu wakati wa mapumziko hata pale ambapo walimu wamejitahidi kuzipa lugha zote mbili heshima sawa.

Shule yako, hata hivyo, huenda si ya aina hiyo. Wanafunzi wako watakutana na wenzao mara chache kwa mwaka, kisha kila upande utarudi kwake, na mpango wako lazima uanzie kwenye ukweli huo.

Kibali, mkuu wa shule na mwenzako wa upande wa pili

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport alieleza masharti yanayofanya kukutana kwa makundi mawili kupunguze chuki badala ya kuichochea: washiriki wawe na hadhi sawa katika mkutano, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia badala ya kushindana, na wenye mamlaka waunge mkono jambo hilo waziwazi. Sharti la mwisho ndilo ambalo wengi hulipuuza, na kwa maoni yangu ndilo linaloiangusha miradi mingi mapema kuliko mengine. Mkuu wa shule anayesema "endelea tu, mimi sina neno" hajakuunga mkono. Unahitaji mkuu atakayetia saini barua kwa wazazi, atakayesimama mbele ya walimu na kutaja mpango huo kwa jina, na atakayepokea simu ya mzazi mwenye hasira bila kuielekeza kwako.

Wizara ya Elimu hutoa miongozo kupitia nyaraka za mkurugenzi mkuu wake, na taasisi ya nje inayotaka kuingia shuleni huhitaji kuidhinishwa. Orodha ya walioidhinishwa hubadilika kadiri serikali zinavyobadilika. Kwa hiyo hakikisha kila mwaka, kwa maandishi, kwamba taasisi unayotaka kushirikiana nayo bado inaruhusiwa. Taasisi zenye uzoefu wa muda mrefu zipo: Givat Haviva, ambayo ilifungua kituo chake cha Kiyahudi na Kiarabu mwaka 1963, Beit HaGefen ya Haifa, iliyoanzishwa mwaka huohuo, na Shule ya Amani ya Neve Shalom, iliyofunguliwa mwaka 1979 na ambayo imewafunza wawezeshaji wengi wa kazi hii.

Mwenzako wa upande wa pili, yaani mshauri wa shule nyingine, mtafute kabla ya kuandika hata sentensi moja ya mpango. Mshauri Myahudi ana kishawishi cha kuandika mpango mzima, kuomba fedha, kisha kumpigia simu mwenzake Mwarabu amletee wanafunzi. Huo si ushirikiano, na vijana watauona upungufu wake siku ya kwanza. Andikeni pamoja, gawaneni bajeti kwa uwazi, na kila uamuzi uwe na saini mbili.

Wazazi

Barua kwa wazazi iandikwe kwa Kiebrania na kwa Kiarabu, na barua ya Kiarabu iandikwe na mtu anayekiandika kila siku, kwa sababu mzazi hutambua mara moja karatasi iliyopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri. Ieleze mambo matano au sita ambayo mzazi yeyote angeuliza: watakutana wapi, lini, nani atakuwa nao, watazungumza nini, watakula nini, na mtoto anaweza kujitoa vipi bila kuadhibiwa. Usiahidi kwamba siasa haitaguswa. Itaguswa, na mzazi aliyeahidiwa vingine atakuwa na haki ya kulalamika.

Wasiwasi wa pande hizi mbili haufanani. Mzazi wa Kiyahudi mara nyingi huuliza kwanza juu ya usalama wa mwili: je, mwanangu ataingia mji wa Kiarabu akilindwa na nani? Mzazi wa Kiarabu huuliza zaidi juu ya maneno: je, binti yangu akisema anachokifikiri, kitamrudia wapi? Swali la pili ni zito kuliko linavyoonekana, na baada ya tarehe 7 Oktoba 2023, siku ya mashambulizi dhidi ya Israeli, limekuwa zito zaidi, kwa kuwa walikuwepo wanafunzi na walimu Waarabu waliohojiwa au kuadhibiwa kwa sababu ya maandishi waliyoweka mitandaoni. Waite wazazi wa kila upande kikaoni peke yao, wasikilize hadi mwisho, na uwajibu kwa kanuni zilizoandikwa, si kwa tabasamu.

Tarehe na mahali

Hapa kuna kazi ya kalamu na kalenda mbili. Shule nyingi za Kiyahudi hufundisha kuanzia Jumapili hadi Ijumaa. Shule nyingi za Kiarabu hupumzika Ijumaa pamoja na Jumamosi, na zile za Wakristo aghalabu hupumzika Jumapili. Siku za uhakika kwa wote zinabaki Jumatatu hadi Alhamisi. Mwaka wa masomo huanza tarehe 1 Septemba, lakini sikukuu za Kiyahudi za Septemba na Oktoba huukata mwezi wa kwanza vipandevipande, na mwezi wa Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, hivyo kalenda ya mwaka jana haiwezi kunakiliwa. Katika muhula wa pili kuna mitihani ya kumaliza sekondari, na kuna pia siku zenye uzito wa historia: Siku ya Ardhi tarehe 30 Machi, inayowakumbuka Waarabu sita waliouawa mwaka 1976 katika maandamano ya kupinga kutwaliwa kwa ardhi, Siku ya Maangamizi ya Wayahudi, Siku ya Kumbukumbu ya askari waliokufa, ikifuatiwa mara moja na Siku ya Uhuru, na tarehe 15 Mei, ambapo Wapalestina huikumbuka Nakba, yaani janga lao la mwaka 1948. Ushauri wangu ni kutumia Oktoba na Novemba kwa maandalizi, kuanza mikutano ya pamoja mwishoni mwa Novemba, na kuwa na mikutano minne au mitano kabla ya Machi, ili siku zile nzito zikifika ziwakute vijana wameshajuana kwa majina.

Mikutano ifanyike kwa zamu: mmoja katika shule ya Kiyahudi, mmoja katika shule ya Kiarabu, na ule wa kwanza ikiwezekana mahali pa tatu, ambapo hakuna mwenyeji. Chakula kiwe halali na kiwe kosheri, yaani kinachoruhusiwa na sheria ya dini ya Kiyahudi, na kiandaliwe hivyo kwa wote, pasipo meza ya kando kwa ajili ya mtu yeyote. Jambo la mlinzi nalo lisiachwe hadi dakika ya mwisho. Safari za shule nchini Israeli huhitaji idhini ya usalama, na mara nyingi huambatana na mlinzi mwenye silaha. Basi la wanafunzi wa Kiyahudi linapoingia kwenye lango la shule ya Kiarabu na wa kwanza kushuka akawa mtu mwenye bunduki, mkutano umeshaanza vibaya kabla neno halijasemwa. Zungumza na mlinzi huyo siku moja kabla, mkubaliane ashuke mwisho na abaki langoni, na uwaeleze wanafunzi wa pande zote mbili mapema kwamba atakuwepo na kwa nini.

Kila kundi lianze kwake

Kabla ya kukutana, kila kundi lifanye vikao viwili au vitatu na mshauri wake. Lengo ni kuyatoa mezani yale ambayo kijana angeyasema kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni. Waulize: mnadhani watatuuliza nini? Swali lipi hamtaki kuulizwa? Mnaogopa kusema nini mbele ya wenzenu wa hapahapa? Majibu ya swali la mwisho hushangaza, kwani kijana wa Kiyahudi mwenye mawazo tofauti na ya darasa lake huwaogopa wenzake zaidi ya anavyowaogopa Waarabu, na hali iko hivyohivyo upande wa pili.

Katika vikao hivyo, achia nafasi suala la utambulisho. Wapo wanafunzi watakaojiita Wapalestina raia wa Israeli, wapo watakaojiita Waarabu wa Israeli, na Mdruzi anaweza kukataa yote mawili, hasa kwa kuwa wanaume wa Kidruzi huandikishwa jeshini tangu mwaka 1956 ilhali Waarabu walio wengi hawaandikishwi. Kanuni ni moja tu: mtu huitwa kama anavyojiita.

Kwa wanafunzi wa Kiyahudi kuna mlango mmoja ambao sijaona ukishindwa kufunguka. Waambie waulize nyumbani lugha waliyozungumza mababu zao. Familia nyingi za Kiyahudi nchini Israeli zilitoka Iraki, Moroko, Yemeni, Misri na nchi nyingine ambako Kiarabu kilikuwa lugha yao ya jikoni na ya sokoni, na kijana anayekiona Kiarabu kuwa lugha ya adui hugundua kwamba bibi yake alibembelezwa kwacho. Tahadhari hapa ni kwamba baadhi ya familia hizo ziliondoka huko baada ya mateso. Kwa hiyo zoezi hili lisigeuzwe kuwa wimbo wa "zamani tuliishi kwa raha".

Umri pia una uzito. Kwa watoto wa shule ya msingi, kuchora, kupika na kucheza pamoja kunatosha, na si busara kuwabebesha historia ya mwaka 1948, mwaka Israeli ilipoanzishwa. Kwa vijana wa darasa la kumi na kuendelea, chakula na nyimbo peke yake ni kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa wale wa darasa la kumi na moja, kumbuka kwamba wito wa kwanza wa jeshi umeshaanza kuwafikia wanafunzi wa Kiyahudi, na jeshi litakuwa chumbani utake usitake. Mimi hupendelea darasa la kumi, ambapo vijana wameshapevuka kuzungumza lakini bado hawajavaa, hata kwa fikra, sare za kesho.

Ndani ya chumba

Idadi iwe sawa, watu 10 hadi 12 kwa kila upande. Wawezeshaji wawe wawili, Myahudi na Mwarabu, na wapeane zamu ya kufungua na kufunga kikao. Simu zikusanywe mlangoni na pasiwe na kurekodi wala kupiga picha, hata picha ya kumbukumbu ya mwisho, mpaka kila mmoja aridhie. Eleza mipaka ya usiri kwa uwazi: yanayosemwa hubaki chumbani, isipokuwa pale ambapo kuna mtoto anayeumizwa au anayetaka kujidhuru, kwa sababu hapo mshauri analazimika kuchukua hatua.

Suala linalowasumbua wawezeshaji kuliko yote ni lugha. Wanafunzi Waarabu hujifunza Kiebrania kama somo la lazima tangu shule ya msingi, wakati wanafunzi wengi wa Kiyahudi humaliza sekondari wakijua salamu chache za Kiarabu. Na tangu Sheria ya Msingi ya mwaka 2018, Kiarabu si tena lugha rasmi ya nchi bali kina kile kilichoitwa hadhi maalumu. Ukiacha mambo yajiendee, mkutano mzima utakuwa wa Kiebrania, na nusu ya washiriki watakuwa wakijieleza kwa lugha waliyofundishwa na upande wa pili.

Chukua tukio ambalo hujirudia takriban katika kila kundi. Msichana Mwarabu anaanza kueleza habari za kijiji cha babu yake kwa Kiarabu. Baada ya sentensi mbili mkalimani anaingia. Mvulana wa Kiyahudi anapumua kwa nguvu na kusema, bila ubaya wowote, "Lakini wewe Kiebrania unakijua vizuri, sema tu, tutamaliza haraka." Msichana anatabasamu, anabadilisha lugha, na masimulizi yaliyokuwa ya dakika tano yanakuwa ya nusu dakika. Mwezeshaji mchanga hufurahi kwamba muda umeokolewa. Mwezeshaji mzoefu husimamisha kikao papo hapo. Haanzi kwa kumkemea mvulana. Anamwomba msichana arudie alichokuwa anataka kusema, kwa Kiarabu, hadi mwisho, na mkalimani asubiri. Wanafunzi wa Kiyahudi wanakaa dakika tatu wasielewe kitu. Kisha anawauliza dakika hizo zilikuwaje. Majibu huja polepole: "nilihisi wananisema", "nilichoka", "nilitaka mtu anisaidie". Ndipo anaugeukia upande wa pili na kuuliza ni mara ngapi kwa juma wao hukaa hivyo, kwenye basi, hospitalini, kwenye ofisi ya serikali. Nusu saa ya namna hiyo hufundisha juu ya kuwa wachache kuliko mhadhara wowote, na hakuna aliyeaibishwa.

Kanuni za utekelezaji wake ni nyepesi. Kila kikao kifunguliwe kwa Kiarabu. Mkalimani awe mtu wa tatu, asiwe mwezeshaji wala mwanafunzi hodari aliyejitolea, kwa kuwa mwanafunzi huyo hatakuwa na nafasi ya kusema lake. Muda wa kutafsiri uhesabiwe kwenye ratiba tangu mwanzo. Kikao cha saa moja na nusu katika lugha moja ni cha takriban saa tatu katika lugha mbili.

Halafu kuna kishawishi cha funika kombe mwanaharamu apite. Kikao cha pili au cha tatu kitafika mwaka 1948, na wawezeshaji wengi hutamani kukipindisha kirudi kwenye mambo ya muziki na mpira. Msikipindishe. Kwa Myahudi, mwaka huo ni kuzaliwa kwa taifa, miaka mitatu tu baada ya vita vilivyomalizika wakati Wayahudi milioni sita wameshauawa barani Ulaya; kwa Mpalestina, ni Nakba, yaani janga, ambapo watu zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa, na waliobaki ndani ya Israeli waliishi chini ya utawala wa kijeshi hadi mwaka 1966. Kazi ya mwezeshaji si kuamua nani ameteseka zaidi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila upande umeieleza historia yake kwa ukamilifu, na kwamba upande wa pili umeweza kuirudia kwa maneno ambayo msemaji mwenyewe atasema, "Naam, hivyo ndivyo nilivyosema." Kuirudia si kukubaliana nayo. Mwanafunzi anayesema "siwezi kurudia uongo" anakumbushwa kwamba anatakiwa kuonyesha amesikia, basi.

Wanadarasa wasigeuzwe kuwa mabalozi. Kijana Mwarabu asiulizwe "kwa nini ninyi mnafanya hivi", wala kijana wa Kiyahudi asitakiwe kujibu kwa ajili ya serikali. Swali likija kwa "ninyi", mwezeshaji analirudisha: uliza tena kwa "wewe". Wakati huohuo, ipo hoja yenye nguvu kutoka Shule ya Amani, kwamba vijana hawa hawakutani kama watu binafsi tu bali kama wanachama wa makundi mawili yenye nguvu zisizolingana, na kwamba kulificha hilo ni kulinda hali ilivyo. Nadhani mwezeshaji mzuri huzishika zote mbili: huuliza mtu binafsi, kisha huuliza kundi linamfanya mtu huyo aseme nini. Ndiyo maana, kila baada ya vikao viwili vya pamoja, kundi la kila upande likae peke yake tena, hata kama vijana wenyewe watanung'unika kwamba wanatenganishwa.

Siku mambo yanapochafuka

Mwezi Mei 2021 ghasia ziliibuka Lod, Akko na miji mingine iliyochanganyika, na watu waliokuwa majirani wakachomeana magari na nyumba. Mwaka 2023 yakaja mashambulizi ya tarehe 7 Oktoba, ambamo takriban watu 1,200 waliuawa nchini Israeli, kisha vita vya Gaza vilivyoua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Kijana wa Kiyahudi katika kundi lako anaweza kuwa na kaka vitani. Kijana Mwarabu anaweza kuwa na jamaa Gaza. Mkutano wa kesho ufanyike au usifanyike?

Usiamue peke yako, wala usifute moja kwa moja. Mpigie mwenzako siku hiyohiyo. Kama kuna waliofiwa, mkutano wa pamoja uahirishwe kwa tarehe inayotajwa, kamwe si "mpaka hali itulie", na kila upande ukutane kwake. Barua fupi kati ya makundi mawili, isiyozidi sentensi chache na isiyodai mwenzako alaani mtu yeyote, huweka mlango wazi. Kudai laana kama tiketi ya kuingia chumbani ni njia ya uhakika ya kuwapoteza wote.

King'ora cha Siku ya Kumbukumbu nacho kinahitaji mpango. Saa tano asubuhi hulia kwa dakika mbili nchi nzima, na Wayahudi husimama kimya pale walipo. Mwanafunzi Mwarabu aliyemtembelea rafiki yake wa kikundi siku hiyo, au anayesoma katika shule ya Kiyahudi, hana muda wa kufikiri: akisimama ataulizwa nyumbani, akikaa ataulizwa hapohapo. Lijadilini jambo hili Januari, wakati hakuna king'ora. Makundi mengine hukubaliana kwamba mwenye kusimama asimame na asiyesimama atoke chumbani mapema kwa utulivu, bila maelezo. Mengine hukubaliana vingine. Kilicho muhimu ni kwamba siku hiyo ikifika pasiwe na kijana atakayeamua peke yake ndani ya sekunde tatu huku macho yote yakimwangalia.

Baada ya mikutano

Gavriel Salomon wa Chuo Kikuu cha Haifa na wenzake walichunguza kwa miaka mingi programu za elimu ya amani, na wakaonyesha kwamba mabadiliko ya mitazamo yanayopatikana mikutanoni hufifia upesi pale kijana anaporudi kwenye jamii yake na habari za kila siku zikaendelea kumpiga, ingawa yanaweza kuhuishwa kwa mazoezi ya baadaye. Mshauri anayelijua hilo hawezi kusherehekea dodoso lililojazwa siku ya mwisho, watu wakiwa wamekumbatiana. Jaza dodoso kabla ya kuanza, siku ya mwisho, na tena baada ya miezi mitatu, na uyape uzito majibu ya mara ya tatu.

Kwa miezi hiyo mitatu, wape vijana kazi ya pamoja inayoendelea: gazeti dogo la lugha mbili, timu ya kushughulikia takataka za bonde lililo kati ya miji miwili, au somo la Kiarabu linalofundishwa na wanafunzi wa shule moja kwa wenzao wa shule nyingine. Hilo la mwisho nalipendelea kwa kuwa linageuza nani anajua na nani anahitaji kusaidiwa. Walimu wa madarasa nao wajulishwe, maana kijana aliyebadilika kidogo hukutana na mzaha wa kwanza darasani kwake, na mwalimu asiyejua kilichotokea huupita mzaha huo bila kuusikia.

Mwishoni, wewe na mwenzako mtaandika ripoti moja, kwa lugha mbili, ikiwa na yaliyoshindikana pamoja na yaliyofaulu: nani alijitoa na kwa nini, kikao kipi kilivunjika, fedha zilikwenda wapi. Ifike kwa wakuu wa shule zote mbili kabla ya katikati ya Juni, wakati ratiba ya mwaka ujao bado iko wazi, kwa sababu saa ambazo hazijaandikwa kwenye ratiba mwezi Juni hazipatikani tena Septemba.